Kikapu cha Bibi Kwenye Makumbusho ya Matofali

Nikianza kusimulia habari hii watu hucheka. Wakisikia kwamba Makambako kuliwahi kuwa na makumbusho ya matofali ya kuchezea, wanadhani natania. Sitanii. Ukinivumilia kidogo nitakueleza yalivyopatikana, maana bila hayo hutaelewa kwa nini hadi leo siisahau Jumamosi ile.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalianza kujaa bidhaa, na Makambako, ambako barabara kuu na reli zinakutana na njia yetu ya Njombe, kulijaa kabla yetu. Malori yalishusha mitumba, redio, ndoo za plastiki, na viatu ambavyo pacha wao huenda walibaki Ulaya. Msafirishaji mmoja, Mwislamu, mtu wa kuja kama walivyokuwa wafanyabiashara wengi pale, alinunua bandarini marobota ya vitu vya watoto bila kuyafungua. Alipoyafungua alikuta magunia kwa magunia ya vitofali vya plastiki, vyekundu, vyeupe na vya njano, kila kimoja kama kipande cha sabuni kilichokaribia kuisha. Juu vilikuwa na vinundu na chini vilikuwa wazi, ili kimoja kikishindiliwa juu ya kingine vishikane. Hakuna aliyenunua. Watu walivigeuzageuza mkononi wakauliza ni vya kazi gani.

Masika yakaja, barabara za vumbi zikageuka tope, malori mengine yakasimama. Madereva wawili wa tajiri yule, kwa kukosa la kufanya, waliketi stoo wakaanza kujenga. Walijenga njia waliyoijua: bandari, milima ya Kitonga na kona zake, stesheni ya Makambako na treni yake, kisha barabara ya Njombe mpaka kanisa la misheni yetu na mnara wake. Hawakuwa na picha wala ramani. Dereva huikumbuka nchi kwa kona zake. Walipomaliza, chumba kizima kilikuwa kimejaa nchi ndogo, na tajiri akaona si vyema kuivunja. Alipaka ukuta chokaa, akaandika mlangoni kwa rangi ya bluu MAKUMBUSHO, akatuma gari la matangazo.

Gari lile lilipita sokoni Njombe siku ambayo bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anauza njegere. Kipaza sauti kilisema, "Karibuni nyumbani kwetu Jumamosi, mje na familia, hakuna kiingilio, karibuni wote!"

Kiswahili cha bibi kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kujibu salamu. Nyumbani tulizungumza Kibena. Lakini "karibuni nyumbani kwetu" aliielewa vizuri sana, na aliichukua kama ilivyosemwa: mtu amemwalika nyumbani kwake. Hata leo siwezi kumlaumu. Kama hukutaka watu waje kama wageni, usiwaite kama wageni.

Baba naye alitaka kwenda kwa sababu yake. Alikuwa mwashi wa misheni, mikono yake imepasuka kwa saruji, na habari ya watu waliojenga kanisa letu kwa matofali yasiyohitaji saruji ilimnyima raha. "Nataka nione kona wamezifungaje," alisema. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, nikasema nitaenda kuwasomea maandishi.

Sasa nikueleze jambo la kikapu, kwa kuwa ndilo lililoleta yote. Kwetu huendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Unabeba maharage, viazi, kuku, chochote ulichonacho. Mwenyeji anapokea kikapu kwa mikono miwili, anakwenda kukimwaga ndani, na unapoaga anakurudishia kikapu kikiwa na kitu chake. Si malipo. Kinaweza kuwa mahindi mawili, kipande cha sabuni, hata konzi ya chumvi. Kikapu kikirudi kitupu maana yake ni kwamba usije tena. Ndiyo maana mwenyeji akisahau, mgeni mwenye heshima hamwaibishi. Hujifanya ameona kitu kidogo pale pale barazani, labda tunda lililoanguka au kijiti cha kuni, akakitia mwenyewe mbele ya macho ya wote, na kusema, "Nimeshachukua, asante." Hivyo mwenyeji anaokolewa. Mtoto wa miaka mitano kwetu analijua hili.

Bibi alikuwa na jambo jingine la kuangalia. Ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya kigango chetu, kanisa dogo la kijijini chini ya misheni; humo viliwekwa mbegu, mbolea na mahindi ya wajane. Alikuwa ameushika ufunguo ule tangu kabla sijazaliwa. Lakini mwaka ule baadhi ya wanaume walikuwa wameanza kusema kwamba mambo yamebadilika, kwamba stoo inataka mtu aliyesoma, na Jumapili iliyokuwa inakuja, baada ya misa, jambo hilo lingezungumzwa. Bibi hakuwa na cheti. Alikuwa na jina lake tu.

Jumamosi asubuhi tulipanda basi na ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti ya miwati. Bibi alipakata kikapu chake, maharage aliyoyachagua moja moja usiku uliotangulia, yasiyo na hata moja lililotobolewa. Makambako tulishuka kwenye upepo ule wake unaoingia mpaka kwenye mifupa, tukauliza njia, tukafika.

Mlangoni alisimama msimamizi, kijana wa kiasi cha miaka thelathini, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Bibi akapiga magoti kidogo, akamsalimu, "Kamwene."

"Kamwene, mama," akajibu yule kijana, na kwa Kibena safi akauliza tumetoka upande gani, watoto hawajambo, mvua ikoje. Kumbe kwao ni ng'ambo ya mto tu, kijiji tunachokiona kutoka shambani kwetu. Bibi alifurahi mno. Akampa kikapu. Naye, nakumbuka hili kama nakumbuka jina langu, akakipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Mmefanya kazi, mama." Hivyo ndivyo inavyosemwa. Hakukosea hata neno. Akakipeleka nyuma ya pazia.

Lishike hilo moyoni tunapoendelea. Alijua.

Ndani kulikuwa kuzuri, sitaki kudanganya. Watu kama arobaini walizunguka meza zilizounganishwa, wakionyeshana: kile ni kizuizi cha mizani, lile tangi la maji, yule ng'ombe amesimama barabarani kama kawaida yake. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye kanisa, akachuchumaa mpaka macho yakawa sawa na ukuta.

"Njoo uone," akaniita. "Unaona tofali hili limekalia maungio ya mawili ya chini? Hapa walikuwa na akili. Sasa tazama kona ile. Maungio yamefuatana kutoka chini hadi juu. Ukuta ule umesimama kwa huruma ya Mungu."

"Fundi, usije ukatubomolea kanisa," sauti ikasema nyuma yetu. Alikuwa katekista wa kigango chetu, aliyekuja mjini kutafuta mishumaa. Tulicheka. Akamsalimu bibi, akamwambia, "Mama, na wewe umekuja kucheza?" Bibi akamjibu, "Nimekuja kwa sababu nimeitwa." Katekista alicheka sana, kisha akatuambia kwamba anarudi na basi la saa tisa.

Tulipokuwa tayari kuondoka, bibi alimfuata msimamizi kuaga. Yule kijana alikuwa anaongea na wasichana wawili. Akanyoosha mkono nyuma ya pazia bila kugeuka, akatoa kikapu, akampa bibi kwa mkono mmoja. Kitupu.

Bibi alikitazama. Nikamwona anasita. Alidhani kijana amesahau kwa sababu ya watu wengi, tena mbele ya wasichana, akamwonea huruma. Karibu na mlango kulikuwa na boksi la vitofali vilivyobaki, watoto wakivichezea. Bibi akainama, akachukua kimoja chekundu, akakiinua juu kila mtu akione, akakitia kikapuni na kusema, "Nimeshachukua, asante."

"We mama!" Sauti ile ilikuwa ya Kiswahili, na ilikuwa kubwa. "Simama hapo hapo. Umeweka nini humo?"

Yule kijana aliingiza mkono kikapuni, akatoa kitofali, akakishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya.

"Mnaona? Tukisema vitu vinaisha mnasema tunasingizia. Mwizi si lazima awe kijana. Hata vikongwe."

"Mwanangu," bibi akasema kwa Kibena, "kikapu kilikuwa kitupu. Nimekuona una kazi nyingi, nikakusaidia."

"Anasema amenisaidia!" Akawageukia watu. "Amenisaidia kuiba!"

Watu walicheka. Mwanamke mmoja akasema, "Jamani bibi, huku ni mjini." Mwingine akasema, "Ungeficha kwenye kitenge basi, unaiba hadharani kama unapokea zawadi." Wakacheka zaidi, na ndiye aliyekuwa karibu na ukweli kuliko wote.

Nimekaa na jambo hili miaka mingi, nikijaribu kumtendea haki yule kijana. Labda alitaka tajiri asikie anavyolinda mali. Labda aliona haya, mbele ya wasichana wale, kujulikana kwamba ametoka kule tulikotoka sisi. Naelewa watu wanavyoona haya. Nafundisha watoto, nawaona kila siku wakiacha lugha zao nje ya geti. Lakini kuona haya hakukupi ruhusa ya kumwita mama wa mtu mwizi. Kama angekuwa mtu wa mbali ningesema hakujua. Huyu aliupokea mzigo kwa mikono miwili! Alijua kila alichofanya bibi na kwa nini, na alijua bibi hana Kiswahili cha kujieleza mbele ya watu arobaini.

Baba alikuja mbio, uso umemshuka. "Mama, mwachie tu, twende. Yaishe."

"Yaishe yapi?" bibi akauliza. "Mimi ni mwizi?"

"Hapana, mama, lakini watu wanatuangalia."

"Ndiyo maana siondoki."

Akaketi. Aliketi pale pale sakafuni katikati ya mlango, miguu ameinyoosha mbele, kikapu pembeni, kama wanavyoketi wanawake kwetu kwenye msiba. Aliyetaka kutoka alilazimika kumruka au kumwomba radhi. Wengine waliomba radhi, wengine waliruka. Msimamizi alimwamuru ainuke, akasema ataita mgambo. Bibi akamwambia, "Waite. Na wao nitawaambia."

Tajiri mwenyewe ndiye aliyekuja, akitoka swala ya adhuhuri, kofia bado kichwani. Mtu mnene, mpole wa sauti. Akauliza kuna nini, msimamizi akaeleza kwa haraka: mwizi, kitofali, ushahidi huu hapa. Tajiri akamtazama bibi pale chini, akachutama. Kwa mwili ule haikuwa kazi ndogo.

"Mama'ngu, shikamoo."

"Marahaba," bibi akajibu. Kisha kwa Kiswahili chake, neno moja moja, akasema, "Mimi leta maharage. Yeye pokea. Kikapu rudi tupu."

"Maharage gani?" tajiri akauliza, akimgeukia msimamizi.

Yule kijana akasema hakuna maharage. Baba, ambaye alikuwa hajamsemesha mtu yeyote wa mjini tangu tuingie, akanyoosha kidole kwenye baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya pazia, lililokuwa limebaki wazi kidogo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, na maharage yetu yalionekana mle ndani moja moja, mekundu, safi.

"Astaghfirullah," akasema tajiri. "Umepokea mzigo wa mgeni kwa jina langu ukaufunga kwenye baiskeli yako, halafu ukamwita mwizi?" Akamgeukia bibi. "Mama, nisamehe. Hata kwetu chombo cha mgeni hakirudi kitupu. Chukua vitofali, chukua kiroba kizima, mpe mjukuu."

Alimaanisha mema, na nilivitaka vitofali vile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini bibi alitikisa kichwa. Hakuwa amekaa sakafuni kwa ajili ya plastiki.

"Aseme," akasema.

Tajiri akaelewa. "Mwombe radhi mama yako."

Kijana akasogea, akainama sikioni kwa bibi, akasema kwa Kibena, taratibu, "Nisamehe mama, nimekosa."

"Kwa Kiswahili," bibi akasema.

"Mama, si unanielewa?"

"Mimi nakuelewa. Umeniita mwizi kwa Kiswahili. Sema kwa Kiswahili, na sauti ile ile."

Akasimama wima, akasema kwa sauti, "Huyu bibi si mwizi. Nilikosea."

Kulikuwa na watu mlangoni, familia mpya iliyokuwa imefika sasa hivi na watoto wao waliovalishwa vizuri. Baba yao akauliza, "Anasema nini?"

"Anasema bibi huyu si mwizi," mtu akamjibu.

"Kwani nani amesema ni mwizi?"

Hapo ndipo nilipomwona bibi anageuza kichwa kutazama chumba, polepole, meza kwa meza. Wale arobaini walikuwa wameondoka karibu wote. Walitoka na neno la kwanza, na neno la pili limesemwa kwa watu ambao hawakulihitaji. Nikiwaeleza wanafunzi wangu kwa nini uongo unashinda mbio na ukweli, siwapi methali, nawapa chumba kile.

"Katekista yuko wapi?" bibi akauliza.

Hakuwepo. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa.

Bibi aliinuka akakimbia. Sijui unamwonaje mwanamke wa umri ule akikimbia; mimi nilikuwa sijawahi kuona. Alishika kitenge kwa mkono mmoja na kikapu kwa mwingine, akavuka barabara kuu mbele ya lori la mafuta lililopiga honi mpaka wauza karanga wakasimama, akapita katikati ya marobota ya mitumba, baba akimwita, mimi nyuma yao. Ninajua alichokuwa anakiona mbele yake. Kesho baada ya misa, kabla hajafungua kinywa, mtu angesema, "Nasikia Makambako kulikuwa na neno." Hapo wale wanaume waliotaka ufunguo wasingehitaji kuongeza lolote.

Basi la Njombe lilikuwa limewashwa, utingo ananing'inia mlangoni. Katekista alikaa dirishani, mishumaa mapajani. Bibi akagonga bati kwa kiganja.

"Katekista! Ulisikia alivyoniita?"

Katekista akafungua kioo. Alitabasamu, tabasamu la mtu anayetaka kukuondolea wasiwasi. "Ah, mama, usijali hata kidogo. Mimi sikuamini. Nakufahamu miaka yote hii, na habari ya kikapu naijua. Nilijua pale pale kwamba yule kijana anakuonea."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Bibi alikuwa anahema. Alisubiri pumzi zirudi, kisha akauliza, "Kama ulijua, mbona hukusema?"

Katekista aliitazama mishumaa. "Nitasema kesho, mama. Kesho mbele ya wote."

"Kesho nitakuwa kwetu," bibi akasema. "Kwetu nani haijui habari ya kikapu? Ilikuwa useme leo."

Utingo akapiga ubavu wa basi, likaondoka.

Niseme kweli: kesho yake alisema. Baada ya misa alisimama akasimulia vizuri, kwa Kibena, watu wakaguna na kumlaani yule kijana wa ng'ambo ya mto, na ufunguo ukabaki kwa bibi mpaka macho yake yaliposhindwa. Watu walimpigia katekista makofi. Bibi alikaa ameshika mikono yake mapajani, hakupiga.

Lakini pale stendi, basi lilipokwisha kuondoka, tulibaki watatu kwenye upepo, na baba akaanza kutafuta usafiri mwingine kwa haraka kuliko ilivyohitajika. Mimi sikuweza kumtazama bibi. Kiswahili changu kilikuwa kizuri. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili, nilikuja Makambako kuwasomea maandishi, na ningeweza kueleza habari ya kikapu kwa sentensi tatu kwa watu wale arobaini kabla hawajatoka. Lile neno liliposemwa nilisogea hatua mbili, nikasimama kwenye stesheni ya plastiki na kujifanya nahesabu mabehewa ya treni, ili nisionekane ni wa kwake.

Bibi alinitengeneza kola ya sweta, akanivuta upande usio na upepo. Nilikuwa nasubiri aniulize na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kulia. Aliniuliza kama nina njaa.